Palipoota Upupu

Tulizima injini, tukaingia kwa kasia,
nikashuka na ndoo yangu ya konokono,
suruali nimeikunja hadi magotini.
Ssemambo alinitazama miguu, akatikisa kichwa:
"Bibi Konokono, huku si Entebbe.
Huku majani yana meno."

Nilicheka. Kicheko hakikumaliza hatua ishirini.

Kwanza ni kama mtu amekumwagia chai ya moto muundini,
kisha ni siafu, kisha ni chumvi kwenye mkwaruzo,
kisha huna tena cha kufananisha, una mguu tu.
Na jani lenyewe limesimama, jororo, lina vinyweleo
kama shavu la binamu yangu mwaka ule alipoanza kubalehe.
Halina habari nami.

"Upupu!" nikapiga yowe, kwa Kiswahili cha Bombo,
cha bibi yangu Bahita aliyekuwa akitukana vizuri kuliko alivyosali.
"Kamyu," akasahihisha Ssemambo,
taratibu, kama anayemtaja shemeji asiyepatana naye.
Tukabishana jina huku mimi narukaruka.

Mkono ukataka kukuna. Akaudaka.
"Ukikuna, unapanda. Kila kinyweleo utakizika kwa kucha zako.
Wala usikimbilie ziwani."
Akafungua unga wa muhogo, chakula chetu cha mchana,
akaukanda kwa maji kiduchu hadi ukanata kama ulimbo,
akaniviringishia donge muundini, upande mmoja, upande mmoja tu,
kama anayemfuta kamasi mtoto aliyelala.
Donge likaja na vinyweleo, vidogo,
maandishi ambayo macho yangu hayafikii kuyasoma.

"Sasa kaa. Hasira yake haizidi saa.
Usiichanganye na yako."

Nikakaa.
Ni dawa chungu, hiyo: kuwashwa na kukaa.
Mainzi wakaja kuangalia. Ziwa likapiga mawe, likarudi, likapiga.

Yeye alikuwa kimya. Alikuwa akitazama njia niliyoivunja kwa ujinga wangu,
moja kwa moja katikati ya upupu,
na jinsi ulivyoota: duara,
kama watu walioketi kuzunguka sinia.
Kwingine kote kisiwani hukuuona hata mche.

"Miaka tisa," akasema, "nateremka hapa.
Mimi kamyu naijua, kwa hiyo naizunguka.
Miaka tisa nimeizunguka."

Akainamisha mashina kwa kasia, hili kushoto, hili kulia,
hakukata hata moja.
Udongo chini yake ulikuwa mweusi, mnono,
wa majivu, maganda ya ndizi, mkojo wa mbuzi,
maji ya kuoshea vyungu yaliyomwagwa palepale
asubuhi hadi asubuhi, na watu ambao
malale yalipoingia walipakiwa mitumbwini, wakapelekwa bara,
naye Nabisere, mama wa babu yake, akiwa amekumbatia chungu
kilichokuwa bado hakijaiva.

Mafiga. Mawili, yameota ukungu.
La tatu limezama nusu.

Sikujua la kusema. Nilisema pole,
akacheka: "Pole ni yako, mimi sijachomwa."
Kisha akakunja suruali yake, hadi magotini,
mtu aliyenionya mwenyewe,
akaingia.

Hakupiga yowe. Nilimsikia tu akivuta pumzi kwa meno,
mara moja, mara mbili,
akapapasa lile jiwe kama anayepima homa.

Alipotoka nilikuwa nimeshakanda donge jingine.
Mikono yangu haikuwa na ustadi wake;
nikaviringisha, nikaviringisha, upande mmoja.
Chakula cha mchana tukakimaliza hivyo, miguuni.

Konokono: kumi na saba. Nimejaza kwenye fomu.
Sehemu ya maelezo mengine niliiacha wazi,
kwa kuwa kidole cha kuandikia nacho kilikuwa kimeguswa,
na nilikuwa nimeagizwa nisikikune.